Mahali Palipokuwa na Mistari

Watoto wa mtaa ule walimwita Babu Kabati, na walipokua wakazaa, watoto wao nao wakamwita hivyo hivyo bila kuuliza sababu. Mgeni angedhani mzee alikuwa seremala. Wapi. Hakuwahi kushika randa maishani mwake, na msumari ukimshinda alimwita jirani. Alikuwa dereva: kwanza wa malori ya jeshi, na alipotoka jeshini, wa gari la taka la manispaa, mpaka macho yalipomgomea. Jina la Kabati alipewa na askari wenzake wakati wa vita, wakimtania, naye akalichukua likawa lake. Ukimwita mzee, aliitika akitaka. Ukimwita Kabati, aligeuka mara moja.

Mjukuu ambaye mzee alimlea ni fundi cherehani, na mtaani naye hajulikani kwa jina jingine zaidi ya Fundi. Chumba chake cha kazi kimebanwa kati ya mtu wa kuziba pancha na mtu wa kuchonga funguo, kwa hiyo anashona siku nzima huku upande mmoja nyundo inagonga na upande wa pili mashine inalia. Ni mwanamke wa maneno machache na mkasi mkali. Wateja wanaomjua hawathubutu kumwambia "nishonee haraka haraka tu", maana atakukunjia kitambaa chako vizuri, akupe mkononi, akuonyeshe mlango. Tabia hiyo hakuiokota barabarani. Aliikuta nyumbani.

Mzee alikuwa amefariki miezi michache tu wakati Baba Mkubwa alipoingia pale dukani. Huyu ndiye mtoto wa kwanza wa mzee. Baba yake Fundi ndiye wa mwisho, na huyo alihamia mbali zamani kutafuta maisha, akamwacha binti yake kwa babu na bibi. Baba Mkubwa alikuwa amevaa koti ingawa jua lilikuwa halina huruma, na mkononi alishika mfuko wa karatasi. Akauweka juu ya meza ya kukatia, juu ya suruali ya mtu.

"Fungua," akasema.

Fundi akafungua. Ndani mlikuwa na mistari ya sajini, mitatu ya mkono wa kulia na mitatu ya mkono wa kushoto, mipya, bado inanukia duka.

"Mshonee babu yako."

Habari yenyewe ilikuwa hivi. Kambi kubwa ya nje ya mji ilikuwa imejenga ukumbi wa kuwakumbuka wakongwe wa vita. Kila familia iliyokuwa na mzee wake iliombwa ilete sare moja, iwekwe kwenye kabati la kioo, na chini yake kibao chenye cheo na jina. Baba Mkubwa aliisikia habari hiyo hata machozi ya arobaini hayajakauka, na tangu siku hiyo alikuwa hatulii. Alimfuata katibu wa ukumbi ofisini, akamfuata nyumbani, nusura amfuate bafuni. Mwishowe katibu akakubali. Akasema leteni sare, ila iwe kamili.

"Babu hakuwa na mistari," Fundi akasema.

"Aliwahi kuwa nayo."

"Alivuliwa."

"Ndiyo maana nakwambia umshonee."

Fundi akairudisha mistari kwenye mfuko, akaukunja mdomo wa mfuko, akausogeza mpaka ukingoni mwa meza. Baba Mkubwa hakuuchukua. Akaondoka akisema watakutana kwa Bibi Jumapili, na kwamba asianze ukaidi wa babu yake, kwa sababu ukaidi ule aliyeulipia si yeye.

Hapo alisema kweli, na tutafika.

Shati lenyewe lilikuwa kwa Fundi, limetundikwa nyuma ya mlango ndani ya foronya. Ni shati la khaki la mikono mirefu, limepauka karibu kuwa jeupe. Lakini kwenye kila mkono, chini kidogo ya bega, kuna alama ya mistari mitatu iliyopinda katikati, yenye rangi ya khaki ya awali, mbichi, kana kwamba shati lilitoka stoo jana. Jua liliichoma nguo yote isipokuwa pale mistari ilipokuwa imelala. Ukilisogeza dirishani unaona na matundu ya sindano, yamepangana pembeni mwa alama, moja baada ya jingine.

Alama ya namna hiyo haidumu yenyewe. Fundi anajua, ni kazi yake. Jua lingeila nayo ndani ya miaka michache na shati lingekuwa la rangi moja. Ilidumu kwa sababu mzee aliilinda. Shati lile alilifua mwenyewe, kwenye beseni lake, bila kusugua mikono. Hakulianika nje hata siku moja. Alilitundika koridoni na kuizungushia mikono yake taulo, likakauka polepole kwa siku mbili, na watu wa nyumbani wakipita wanainamisha vichwa. Bibi alikuwa akisema shati la mume wake haliruhusiwi jua, utadhani lina ugonjwa wa macho. Mzee alikuwa akilivaa mara moja kwa mwaka, siku wakongwe walipokusanyika, na alihakikisha anakaa safu ya mbele, pembeni, mahali ambapo wakubwa wakipita kusalimia lazima wapitie ubavuni mwake.

Watu wengine huficha aibu yao. Yeye alikuwa akiitunza ile alama kuliko wenzake walivyotunza medali, kwa sababu hakuiona kuwa aibu yake. Aliiona kuwa ya wengine, na hakutaka waisahau.

Kisa cha vita alikisimulia kwa namna ile ile miaka yote, bila kukiongezea chumvi. Ilikuwa siku ya kurudi nyuma. Yeye alikuwa sajini, na kikosi kilikuwa kimebakiwa na lori moja, lori lake. Majeruhi walikuwa wamelazwa kwenye baraza ya shule. Akaja meja, akaamuru lori lipakiwe vitu vyake: kitanda cha chuma, meza, viti, na kabati la mbao la milango mitatu lenye kioo katikati. Mzee akauliza majeruhi watapanda nini. Meja akasema kuna lori jingine linakuja. Mzee alijua hakuna lori jingine, kwa sababu hilo jingine alilipita mwenyewe asubuhi, likiwaka moto.

Hakubishana. Hapo ndipo ilipokuwa akili yake. Alipiga saluti, akawaacha askari wapakie kabati mpaka kamba ya mwisho ikafungwa, akawasha lori, akaondoka mbele ya macho ya meja, akazunguka nyuma ya ile shule. Huko akashuka na wenzake wawili, wakafungua kamba, wakasukuma. Kitanda kilianguka, meza ikafuata, na kabati likaenda chini kifudifudi, kioo kikapasuka. Wakawapakia majeruhi mpaka lori likajaa, mmoja wakamkalisha mbele kwenye kiti cha pembeni ya dereva kwa sababu hakuweza kulala.

Si wote waliofika. Baadhi walikata roho njiani, na mzee hakulificha hilo hata kwa watoto. Ukimwambia, kama Baba Mkubwa alivyowahi kumwambia kwa hasira, kwamba basi alipoteza cheo bure, alikuwa akijibu taratibu, "Walifia garini wakiwa wameshikwa mikono. Hawakufia barazani wakiangalia kabati likipakiwa."

Alishtakiwa kwa kukaidi amri na kuharibu mali ya afisa. Kuhusu majeruhi hakuulizwa hata swali moja. Ikaamuliwa avuliwe mistari mbele ya gwaride.

Siku ya gwaride, fundi cherehani wa kambi, ambaye ndiye angefumua, aliugua ghafla tangu asubuhi, na kambi nzima ilijua ni ugonjwa wa aina gani. Meja hakutaka kusubiri. Akamwamuru mzee ajifumue mwenyewe, akapewa wembe. Mzee akavua shati, akabaki na fulana, akapiga goti moja chini, akalilaza shati juu ya goti la pili. Akaanza. Alikata uzi mmoja, akauvuta, akaupuliza, akautazama ukianguka. Akakata wa pili. Jua lilikuwa utosini, na gwaride lote limesimama wima. Jasho likaanza kumtiririka meja kutoka kwenye kofia.

"Harakisha wewe."

"Shati ni mali ya serikali, afande," mzee akasema bila kuinua kichwa. "Nimeshashtakiwa kwa kabati. Sitaki nije nishtakiwe na kwa shati."

Nyuma huko mtu akakohoa. Akakohoa mwingine. Kikohozi kikatembea gwaride zima, watu wazima wanaume wenye silaha wakibana midomo mpaka machozi yakawatoka. Mzee hakucheka. Alifumua mkono wa kulia mpaka mwisho, akageukia wa kushoto, uzi kwa uzi, na hakulitoboa shati. Kisha akavaa, akafunga vifungo vyote, akamkabidhi meja mistari yake ikiwa imekunjwa, akapiga saluti. Kuanzia siku hiyo akawa Kabati.

Hiyo ndiyo sehemu ambayo watu wanapenda kuisikia. Sehemu ya pili haina kicheko, na bila hiyo ya pili hutaelewa Jumapili ile kwa Bibi walivyogombana.

Vita vilipokwisha, akaja mkuu mpya wa kikosi, mtu mwema kwa kila hali. Akamwita mzee ofisini, akamkaribisha kiti. Akamwambia: siku ya kumbukumbu kutakuwa na gwaride, wewe simama mbele, sema ulikosea, mistari yako itarudi hapo hapo. Neno moja tu. Hakuna atakayekuuliza zaidi.

"Niseme nilikosea nini, afande?"

"Sema tu ulikosea."

"Na wale niliowapakia? Nikawaambie nao walikosea kupanda?"

Mkuu akamruhusu aondoke. Mwaka uliofuata akamwita tena, na uliofuata tena, na jibu likawa lile lile. Mzee alitoka jeshini akiwa askari wa kawaida, kwa pensheni ya askari wa kawaida. Mke wake aliolewa na sajini, akazeeka na mtu asiye na cheo. Mara ya kwanza aliposikia mume wake amekataa, Bibi alimpikia, akampakulia, akamfulia, na hakusema naye neno juma zima. Alikuwa na watoto wa kulisha. Mtu ambaye hajawahi kuangalia ndani ya sufuria namna ile asimlaumu.

Na Baba Mkubwa, ambaye ndiye alikuwa mkubwa kati ya watoto, alitolewa shule. Ada ya wote haikutosha. Wadogo zake wakaendelea, yeye akaenda kubeba magunia kwenye ghala, akabeba mpaka siku moja wakampa funguo za stoo. Lakini hata hilo halikumuuma kama lile la kabla yake. Alipokuwa bado darasani, watoto wa maafisa walikuwa wakimshika wakati wa mapumziko, wanamchora mistari mitatu ya chaki kwenye mkono wa shati, halafu wanaifuta kwa kiganja, wanacheka. Kila siku alirudi nyumbani na mikono ya shati imejaa vumbi jeupe. Hakumwambia baba yake. Alimwambia Fundi, mara moja, siku ya mazishi, wakiwa wamekaa nyuma ya nyumba kwenye ndoo zilizopinduliwa, na alipomaliza kusema alinawa uso.

Kwa hiyo asidhani mtu kwamba Baba Mkubwa alikuwa mpenda sifa tu. Alitaka, walau mara moja maishani, awe mtoto wa sajini.

Mzee mwenyewe, huko kwenye gari la taka, hakubadilika. Alikuwa na sheria moja: kiti ni cha mtu. Ndani ya gari lake hakikuwekwa kitu juu ya kiti cha pembeni, si koti, si chakula, si redio. Kiti kilikaa wazi, na akimwona mjamzito au mgonjwa anajikokota kuelekea zahanati, gari la taka lilisimama. Wengine waliona aibu kupanda kwa ajili ya harufu. Aliwaambia harufu iko nyuma, huku mbele ni salama. Manispaa ilimwandikia onyo, likaja la pili. Alikuwa akiyasoma kwa sauti wakati wa chakula, kwa lafudhi ya bosi, mpaka Bibi mwenyewe anacheka.

Sheria hiyo aliitembeza hadi nje ya gari. Kuna siku walikwenda zahanati, yeye na Fundi, wakakuta mama mmoja wa heshima zake ameweka mkoba juu ya kiti huku mzee mwingine amesimama anashikilia ukuta. Babu Kabati akauchukua mkoba kwa adabu zote, mikono miwili, akamwekea mwenyewe mapajani. "Shikamoo ya mkoba wako nimeshaipokea," akamwambia. "Sasa uache mtu akae." Fundi alitamani ardhi impasukie. Leo hii anafanya vivyo hivyo, na ana maadui wa kutosha.

Na kabati? Nyumbani halikuwepo. Bibi aliliomba tangu ujana wake, akawa anajibiwa kwamba makabati na mume wake hawapatani, waliwahi kugombana vitani. Nguo zikakaa kwenye masanduku miaka nenda rudi. Alipostaafu ndipo alipomletea moja, la milango miwili, akalisindikiza mwenyewe nyuma ya mkokoteni, na mtaa mzima ukatoka nje kupiga makofi.

Basi Jumapili ikafika. Wakakaa sebuleni kwa Bibi, Bibi kwenye kiti chake karibu na dirisha, Baba Mkubwa mbele yake, Fundi kwenye mkeka na shati mapajani likiwa bado kwenye foronya.

"Mimi siombi kitu cha ajabu," Baba Mkubwa akaanza. "Mistari ilikuwa yake. Aliifanyia kazi. Wamemwonea, na sasa tumepata nafasi ya kurekebisha. Watu watapita pale, wajukuu, vitukuu, watasoma sajini. Kuna ubaya gani?"

"Ubaya ni kwamba aliambiwa arudishiwe, akakataa," Fundi akasema.

"Alikataa kwa kiburi."

"Alikataa kwa sababu walitaka aseme alikosea. Walimwita mwaka baada ya mwaka, Baba Mkubwa. Angekuwa na kiburi angeichukua, maana kiburi kinapenda mistari. Sasa amekufa, hawezi kukataa tena, na sisi ndio tunakwenda kumpokelea? Nikishona hii mistari, ni kama nimemsimamisha mbele ya gwaride nikamsemesha."

"Ni uzi na kitambaa tu."

"Basi sema wewe. Hapa mbele ya Bibi. Sema kwa niaba yake: nilikosea kuwapakia wale watu. Ukishasema, nitashona sasa hivi, na mkono wangu hautatetemeka."

Baba Mkubwa akafungua mdomo. Kwa kweli alitaka kusema.  Nje mtu alipita anauza maji. Baba Mkubwa akafunga mdomo.

"Wewe hukutolewa shule," akasema mwishowe, kwa sauti ya chini. "Wewe alikulea akiwa amestaafu, anacheka, ana kabati. Mimi nililelewa na yule aliyekataa."

 Fundi alimhurumia sana. Lakini huruma ni kitu kingine na sindano ni kitu kingine.

"Sishoni," akasema.

Baba Mkubwa akamgeukia mama yake. Bibi alikuwa anatazama nje.

"Mimi nilinyamaza juma zima," Bibi akasema. "Mnajua siku ya saba nilimwambia nini? Nilimwambia, ungekubali ningekuheshimu kidogo na tungekula vizuri. Akaniuliza, unataka kipi? Sikumjibu mpaka anaingia kaburini. Msiniulize mimi."

Baba Mkubwa akainuka, akanyoosha mkono. Yeye ndiye mkubwa, na nguo za marehemu ni zake kuamua. Fundi akampa shati. Angeweza kugoma, akafikiria kugoma, lakini babu hakumfundisha kunyang'anyana na baba yake mkubwa mbele ya mama yake. Akamwambia tu kwamba mafundi mjini wako wengi, na yeyote atakayemshonea amwambie kwanza anachoshona.

Hawakusemeshana tena mpaka siku ya ufunguzi.

Ukumbi ulikuwa unanukia rangi. Makabati ya kioo yalipangwa kuzunguka kuta, kila moja limefunikwa kitambaa, na familia zilikaa mbele ya kabati la mtu wao. Mtaani tayari walikuwa wameshatania: aliyetupa kabati leo anatiwa kabatini. Fundi alikuja na Bibi, amemshika mkono. Baba Mkubwa alikuwa ameshafika, na koti lake, hakugeuza shingo. Fundi alikuwa amekwisha kuamua. Akiona mistari, atasimama na kusema mbele ya watu wote, na wakimtoa nje watamtoa akiwa bado anasema.

Mgeni rasmi alikuwa brigedia, mtu mpole mwenye sauti nzuri. Alitembea kabati kwa kabati, katibu akivuta kitambaa, yeye akisoma kibao, watu wakipiga makofi. Akafika kwao. Kitambaa kikaanguka.

Fundi aliangalia kwa jicho la kazi. Hakukuwa na mistari mipya. Lakini hakukuwa na alama pia. Mikono ya shati ilikuwa imekunjwa yote kwenda nyuma ya mgongo na kubanwa kwa pini, shati likabaki kifua na vifungo, kama la mtu aliyefungwa kamba. Na chini yake kibao cha shaba kilichochongwa kabla ya ugomvi wote.

"Sajini," brigedia akasoma, akaendelea na jina, na makofi yakaanza.

Fundi aliachia mkono wa Bibi ili ainuke.  Na kabla hajainuka, aliona koti la Baba Mkubwa limeshasimama.

"Si sajini, afande," Baba Mkubwa akasema.

Makofi yakakatika vipande vipande.

"Alikuwa sajini. Alivuliwa, mbele ya gwaride, kwa kutupa kabati la mkubwa akapakia majeruhi. Kibao hicho nilikiagiza mimi. Na hiyo mikono ya shati nimeikunja mimi, leo asubuhi, ili isionekane. Naomba ufunguo niikunjue."

Katibu akamsogelea haraka, akamshika kiwiko, akamnong'oneza akae. Kuna ratiba, kuna wageni.

"Sikai."

"Mzee wangu," brigedia akasema kwa upole wake, "nakuelewa. Hilo tutalizungumza baadaye."

"Baadaye ndiyo hii, afande. Mimi nimeisubiri tangu niko darasa la tano."

 Fundi alikuwa amekwisha simama kando yake, bega kwa bega, bila kumgusa. Nyuma yao Bibi aligonga fimbo yake sakafuni na kusema niinueni, na watu wawili wa familia nyingine wakamwinua.

Baba Mkubwa aliingiza mikono kwenye mifuko ya koti. 

"Walimwambia aseme alikosea, atarudishiwa. Kila mwaka walimwambia. Hakusema, na tulilala njaa, na hakusema. Mimi nilitaka nimsemee leo kwa pini." Akavuta pumzi. "Hakukosea. Andikeni cheo alichokufa nacho. Na mimi ni mtoto wake, na sikai chini mpaka mkono wa shati la baba yangu uonekane."

Brigedia alimtazama katibu, na katibu akaanza kupapasa mifuko kutafuta ufunguo.